Mkaa wa jikoni hautoshi kusafisha maji ya batiki

Wateja wetu wa batiki hapa Dodoma, kuanzia Chang'ombe hadi Kizota, hutuuliza: "Nikitia mkaa wa kupikia kwenye pipa la maji machafu ya rangi, si rangi itakwisha?" Itapungua kidogo tu. Mkaa huo una vitundu, lakini vingi vimezibwa na lami iliyobaki wakati wa kuchoma. Mkaa tunaouza sisi, wa kusafishia maji, unatokana na maganda ya karanga za Kongwa, na baada ya kuchomwa hupitishiwa mvuke kwenye joto la nyuzi 800 hadi 900. Mvuke huzibua vitundu na kutoboa vingine. Ukitoka vizuri, gramu 1 huwa na kuta za ndani zenye eneo la mita za mraba 1,000 hivi, na rangi hunata humo.

Hata hivyo usikimbilie mkaa. Rangi inayotumia kostiki (soda kali) na haidro (unga unaoifanya rangi iyeyuke) imeyeyuka majini, ila ikikutana na hewa hugeuka chembe na kutuama. Umeliona hilo kila siku: kitambaa kinatoka kwenye beseni na rangi moja, kikipigwa na hewa kinageuka. Basi koroga maji machafu mara kadhaa, yaache wazi hadi kesho yake, chota ya juu uyapitishe kwenye mchanga. Siki ya kupunguza ukali wa kostiki itiwe baada ya hapo, tena mahali penye hewa. Ukiitia mapema, haidro iliyobaki hutoa gesi ya salfa inayochoma kifua, na hilo tunakusihi sana uliepuke. Karatasi ya kupimia ukali wa maji (pH) ikionyesha kati ya 6 na 8, fungulia maji polepole kwenye pipa la mkaa. Yakienda kasi, rangi hupita bila kunata.

Rangi zinazotumia chumvi na magadi hazituami, kwa hiyo mzigo wote unaangukia mkaa na utauchosha mapema.

Maji yakitoka meupe, chumvi bado imo. Lowekea vitambaa vya mzigo unaofuata, usimwagilie mchicha wala usinywe. Na usiyamwage korongoni: Dodoma hii tunategemea maji ya visima, vikiwemo vya Mzakwe, na kinachoingia ardhini hakitolewi kirahisi.

Kinga kwa glasi maji yanayotoka kwenye pipa la mkaa, uyatazame mbele ya karatasi nyeupe. Ukiona rangi inarudi, mkaa umejaa. Uanike, utie kwenye gunia, uturudishie, usiupikie. Kabla ya kununua, tuletee chupa ya maji yako tuyapime bure, maana kiasi cha mkaa hutegemea rangi unayotumia.