Jina limo, faili ndilo limebanwa

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini mwako. Ami yangu amekwenda mara tatu kwenye ofisi moja hapa Pemba, ambayo jina lake nalihifadhi, kufuatilia karafuu alizouza mwaka 2014. Risiti yake ililiwa na mchwa ndani ya kasha. Kila akifika, kijana wa kompyuta huandika jina, hutazama kioo, kisha humwambia: "Mzee, jina lako halimo." Mara ya nne nikafuatana naye.

Nilisimama nyuma ya kiti. Kumbukumbu za mwaka ule ni mafaili kumi na mawili, moja kwa kila mwezi, na yote yanaishia na .gz. Kijana anayapekua kwa grep, amri ya kutafutia neno ndani ya mafaili, kama maandishi ya kawaida. Grep ikinyamaza, naye anasema hakuna.

Nikamwambia, "Mwanangu, hebu tafuta neno Wete." Wete imo karibu kila mstari wa daftari lile. Grep ikanyamaza vilevile. Kijana akanigeukia.

Mafaili hayo yamebanwa kwa gzip, programu ya kupunguza ukubwa wa mafaili iliyoanza kutumika 1992. Ikikuta maneno yaliyokwishapita haiyaandiki tena. Huweka alama ya kurudi nyuma hatua kadhaa na kunakili herufi kadhaa. Kinachobaki nacho hugeuzwa kuwa sifuri na moja, herufi zinazojirudia sana zikipewa alama fupi. Daftari la karafuu, lenye "daraja la kwanza" juu hadi chini, hunywea sana kwa mtindo huo, lakini jina la mtu halimo tena kwa sura yake. Kijana alikuwa anakodolea macho gunia lililoshonwa, anasema halina karafuu kwa kuwa hazioni.

Ami anaitwa Khamis. Niliazima kiti nikaandika:

zgrep -i khamis mauzo-2014-*.csv.gz

Zgrep humwita gzip afungue faili, maandishi yakamiminika moja kwa moja hadi kwa grep. Halibaki faili jipya kwenye diski, wala lile la asili haliguswi. Kijana alifurahi kusikia hivyo, maana siku moja aliyafungua yote, diski ikajaa, akakaripiwa mpaka leo anaogopa kuyagusa.

Wakatoka kina Khamis chungu nzima, ami hayumo. Aliguna, nami jasho likanitoka. Ndipo nilipokumbuka makarani wetu wa mizani: huyu anaandika Khamis, yule Hamis, mwengine Hamisi. Ile -i inasamehe herufi kubwa na ndogo tu, K iliyokosekana haiisamehe. Grep hutafuta kipande cha neno, basi ukiandika hamis peke yake umewakamata wote watatu. Nikaongeza na kijiji chake:

zgrep -i hamis mauzo-2014-*.csv.gz | grep -i konde

Mistari minne. Wa tatu ni wa ami, mwezi wa Agosti, na nambari ya risiti pale pembeni.

Ninachoomba kwa wakuu wa ofisi zinazotunza kumbukumbu za watu: kabla karani hajamwambia mzee aliyepanda daladala kutoka Konde kwamba hayumo, atafute kwanza neno analojua kwa yakini kuwa limo. Likikosekana nalo, kasoro iko kwenye utafutaji wake. Mafaili yaliyobanwa kwa programu nyengine nayo yana amri zake: ya xz yana xzgrep, ya bzip2 yana bzgrep, na ya zip yana zipgrep. Zgrep haikubali -r ya kuingia folda kwa folda. Hapo itabidi kuishirikisha na find, amri ya kusaka mafaili yalipo, jambo ambalo kijana hujifunza kwa asubuhi moja.

Ami alivaa miwani akausoma mstari wake mara mbili. Kilo 63. Tulipotoka nje akaniambia alipeleka 65, na kwamba wiki ijayo tunarudi.

Msomaji wako,
Wete, Pemba