Barua ya wazi kwa Mheshimiwa aliyetuahidi shule ya vijana wetu

Mheshimiwa,

Kwa heshima na taadhima. Jina lako siliandiki, wala cheo. Mwenyewe unajijua, na waliokaa nawe siku ile chini ya mikorosho wanakujua.

Mimi ni mkulima wa korosho huku Newala, Mtwara. Jumapili iliyopita, saa mbili usiku, niliitwa nikamchukue mtoto wa dada yangu. Nilimkuta amekalishwa chini, mikono imefungwa nyuma kwa kamba ya katani, shati limeloa petroli. Pembeni yake debe la korosho ghafi, alizoziokota shamba la watu akawauzie wa kangomba, wanunuzi wa magendo. Kijana mmoja wa bodaboda alishika chupa ya maji iliyobaki petroli kidogo chini; mwenzake alikuwa anaulizia kiberiti. Mtoto ana miaka 15. Kwa debe moja nimelipa magunia mawili, ndipo wakamfungua. Shati tumelifua mara tatu, harufu haitoki.

Usidhani naficha mwizi. Alianza na uraka, pombe ya matunda ya mkorosho, akiwa na miaka 12, msimu wa mabibo, kama watoto wengi huku wanavyoonjeshwa na watu wazima wakicheka. Kutoka uraka akaingia kwenye nipa, ile pombe kali ya kukeneka, kutoka nipa kwenye bangi. Baba yake alivuka mto Ruvuma kwenda kutafuta maisha, hajarudi. Na kwetu, unajua, mtoto wa dada ni wa mjomba. Anayeulizwa ni mimi.

Nimehangaika. Shule imemchoka, ikanipa barua. Kituoni alilala siku mbili, akatoka na marafiki wapya. Hospitali walimtundikia dripu, wakaniambia nikamlee. Nikaambiwa kuna shule ya maadilisho, Irambo, Mbeya. Kutoka hapa ni karibu kilomita 1,000, lakini ningemfikisha hata kwa kuuza shamba. Shida ni kwamba kule mtoto anapelekwa kwa amri ya mahakama. Yaani nisubiri kwanza atiwe hatiani ndipo asaidiwe? Na Jumapili ile hakukuwa na hakimu, Mheshimiwa. Kulikuwa na petroli.

Zamani mvulana alikaa likumbi, kambi ya jando, miezi, yuko na wazee, anafundishwa, anasemwa, anasikilizwa. Siku hizi anatahiriwa likizo ya mwezi wa sita, ngoma inapigwa, spika zinalia, wiki tatu yuko mtaani. Labda ndiyo chanzo. Labda ni fedha za msimu, zinazoingia kwa kishindo na kuondoka na amani ya nyumba. Mimi si mtaalamu. Ninachojua, kati ya rumande na jikoni kwa bibi yake hakuna mahali pa kumpeleka kijana wa namna hii.

Mahali hapo ndipo ulipotuahidi. Ulisema shule ya bweni: asubuhi masomo, jioni useremala na bustani, mshauri wa kukaa na mtoto mmoja mmoja, na daktari wa kuwaangalia wanapotetemeka kwa arosto, ile hali ya kukosa kilevi. Tulipiga makofi mpaka viganja vikauma. Tulikubali makato kwenye kila kilo ya korosho. Kijiji kikatoa ekari tano, akina mama wakasomba maji ya kufyatulia matofali, na maji ya Newala unayajua yanavyopatikana. Kibao kikasimikwa. Leo mbuzi wanalala juu ya matofali, na kibao kimebaki na neno moja tu linalosomeka: “UJENZI”.

Kila nikiuliza, naambiwa mchakato unaendelea. Mchakato gani huu usio na hata fundi? Njia ya kuja huku sidhani kama imesahaulika. Mwaka 2018 Serikali ilipoamua kununua korosho kwa shilingi 3,300 kilo, wanajeshi na malori yao walifika hadi maghalani kwetu. Korosho zilifuatwa. Watoto wa wenye korosho hawafuatwi?

Nilitaka nikudai hesabu ya makato, ramani, na jina la mkandarasi. Nimeviacha. Hata zile ekari tano sizidai zote. Naomba bweni moja. Vitanda ishirini, mwalimu mmoja mwenye moyo, mshauri mmoja aliyesomea kazi hiyo. Chakula tutaleta wenyewe, muhogo na mbaazi tunavyo. Bweni moja, Mheshimiwa, kabla msimu haujaisha, kwa sababu waliomfungua wameniambia wazi kwamba siku nyingine hawataniita.

Kwa sasa namfungia stoo nikienda shamba. Anagonga mlango mpaka anachoka. Bweni moja tu.

Wako mtiifu,
Mjomba wa mtoto, Newala

Nyongeza: Jana niliyahesabu matofali. Tulifyatua 3,000, yamebaki 2,140. Ukija kuyaona, njoo kabla hayajapungua tena.