Shokapu za mbele zisikatwe kiholela

Mhariri,

Naomba nafasi niongee na mafundi gereji wa hapa Mwanza, hasa wa Igoma, Buzuruga na Nyakato, pamoja na sisi tunaowapelekea magari. Njia zetu za kupanda milimani zimetandikwa mawe, ukishuka chini unapokelewa na matuta, kwa hiyo shokapu zinakufa mapema na mpya ya maana bei haishikiki, ndo maana siku hizi ukifika gereji unaambiwa bosi tukate hii ya zamani tuingize katriji, yaani moyo mpya wa shokapu unaoingia ndani ya gamba la zamani.

Mimi sipingi kabisa. Kazi hiyo inafanyika nchi nyingi, hata Koni, kampuni ya shokapu ya Uholanzi, wana katriji zilizotengenezwa makusudi ziingie kwenye gamba la zamani lililokatwa. Kinachoniuma ni namna inavyofanywa hapa kwetu.

Gari nyingi tunazoendesha, shokapu ya mbele haifanyi kazi ya kuzuia mruko tu. Hiyo ndo imebeba springi, juu imefungwa kwenye bodi, chini imeshika chuma kinachobeba tairi, ukishika breki au ukikata kona nguvu yote inapita humo. Sasa mtu anaichukua anaibana kwenye vaisi anaanza na grinda moja kwa moja! Nyingi zina gesi iliyoshindiliwa ndani jamani. Toboa kwanza katundu kadogo kwa drili, taratibu, miwani usoni na tambara juu yake, gesi itoke, halafu oili imwagwe yote na gamba lisafishwe ndo ukate, maana oili ikibaki cheche za grinda zinaiwasha.

Na kabla ya kukata pima. Kipenyo cha ndani, kina, na unene wa rodi, ile fimbo ya chuma inayopanda na kushuka, kama utaingia kwenye maunti ya juu, pale shokapu inapofungwa kwenye bodi. Katriji ikiwa nyembamba kuliko gamba inacheza, kila tuta unasikia ko ko ko. Ikiwa fupi, chini inawekwa pisi ya chuma iliyokerezwa vizuri, siyo kurundika nati na washa za kuokota. Zile zinazofungwa kwa bolti kutokea chini, tundu litobolewe katikati kabisa, likienda pembeni katriji inakaa upande na rodi inakula sili, ule mpira unaozuia oili isitoke. Pale kati ya katriji na gamba weka oili kidogo ili joto lipate njia ya kutoka, ila usijaze mpaka juu kwa sababu ikipata moto inatanuka.

Halafu kuna hili la kuchomelea gamba huku katriji iko ndani, nimeliona kwa macho yangu. Moto unaunguza sili, cheche zinarukia rodi ile inayong'aa, zinaacha vichunusi unavyoweza kuvisikia kwa ukucha, na kila rodi ikipanda na kushuka vinachana sili. Mteja kalipa hela yake, baada ya muda mfupi oili inachuruzika mpaka kwenye rimu, anaambiwa katriji ilikuwa feki.

Springi nayo inabanwa kwa waya! Ikifyatuka ile inavunja taya, inaweza kuua kabisa. Vibanio vya springi vinauzwa, gereji tano zikichanga hela wanaazimana.

Ombi langu kwa chuo cha ufundi cha VETA hapa Mwanza, wekeni kozi fupi ya jioni ya kazi hii tu, mafundi wetu mikono wanayo, wengi wamejifunzia chini ya mti na hawajawahi kuonyeshwa. Na sisi wenye magari tuache kubembeleza ifungwe upande mmoja eti mwingine bado mzima, gari itavuta upande ukishika breki. Zifanywe zote mbili na ikitoka hapo ipelekwe alaimenti, matairi yanyooshwe, siku hiyo hiyo, kabla hujapandisha familia kwenda Bunda au Geita.

Dereva, Igoma, Mwanza