Barua ya wazi kwa Waziri Mkuu Mark Carney: mkono mrefu kwa mnyonge, mfupi kwa mwenye mgodi

Mheshimiwa Waziri Mkuu,

Shikamoo. Umenizidi umri, na kule nilikolelewa mdogo hamwambii mkubwa neno zito kabla hajamwamkia.

Naishi Nepean, hapa Ottawa. Kwa nchi nzima wewe ni waziri mkuu, lakini kwangu mimi ni mbunge wangu kwanza. Aprili 28, 2025 nilitoka kazini alfajiri, nikaenda kupanga foleni macho yamevimba kwa usingizi, nikapiga kura ya uchaguzi mkuu kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Nilikupa wewe. Nilizaliwa Fizi, Kivu Kusini. Mwaka 1996 tulivuka Ziwa Tanganyika kwenda Kigoma, nikakulia kambi ya Nyarugusu mpaka nikaota ndevu. Kanada ilinipokea mwaka 2016, na leo ni raia. Nayataja haya mapema ili ujue kwamba anayekuandikia anaipenda nchi hii, na ndiyo maana ameshindwa kunyamaza.

Naanza na yale niliyoyaona kwa macho yangu. Msafara wa malori wa kupinga masharti ya korona ulipoingia Ottawa mwishoni mwa Januari 2022, nilikuwa nafanya usafi wa maofisi jirani na Mtaa wa Wellington, ule wa mbele ya Bunge, zamu ya usiku. Mabasi yalibadilishiwa njia, nikawa nashuka mbali na kutembea juu ya barafu. Honi za yale malori zilikuwa mlio mmoja mnene, usiokoma, unaoingia mpaka kwenye meno. Harufu ya dizeli iliganda kwenye koti langu, mke wangu akakataa lisiingie ndani, akawa analitundika barazani. Sikuwapenda wale watu, Mheshimiwa. Waliwatesa wakazi ambao hawakuwa na kosa lolote, na baadhi yao walibeba bendera ambazo mtu mweusi akiziona anajua anaambiwa nini.

Februari 7 mahakama ya Ontario, kwa ombi la wakazi waliochoka, ilitoa amri honi zizimwe. Usiku uliofuata, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, nilisikia maji yakiingia kwenye ndoo yangu. Nilisimama kidogo na mopu mkononi nikisikiliza tu. Sheria ya kawaida ilikuwa imefanya kazi. Februari 13 polisi walilifungua Daraja la Ambassador kule Windsor, napo kwa kutegemea amri ya mahakama ya kawaida. Kesho yake, Februari 14, ndipo serikali ya Justin Trudeau, aliyekutangulia, ilipotangaza Sheria ya Dharura.

Sheria hiyo ilitungwa mwaka 1988 ili kuizika ile ya zamani, Sheria ya Hatua za Vita, ambayo mwaka 1942 iliwaondoa Wakanada wenye asili ya Japani wapatao 22,000 majumbani mwao, na Oktoba 1970 ikawasweka ndani karibu watu 500 kwa sababu ya kundi dogo la wateka nyara kule Quebec. Waliotunga sheria mpya walijua walichokuwa wanakizuia. Waliweka kizingiti kirefu kwa makusudi: ya kawaida yashindwe kwanza. Kizingiti hicho, mwaka 2022, kilirukwa.

Benki ziliambiwa zifunge akaunti za watu bila hakimu kuulizwa. Takriban akaunti 280 zilifungwa, zikiwa na kama dola milioni 8. Akaunti nyingine zilikuwa za mume na mke pamoja, ikawa mmoja ameenda kwenye msafara na mwenzake nyumbani hana senti ya kununulia maziwa ya watoto. Baridi ya Februari unaijua. Mtu asiye na pesa ya kodi wala ya kupasha nyumba moto mwezi huo ameadhibiwa kabla ya kuhukumiwa.

Jaji Paul Rouleau, aliyeongoza tume ya uchunguzi, aliona mwaka 2023 kwamba kizingiti kilifikiwa, ingawa alisema amefika hapo kwa kusitasita. Jaji Richard Mosley wa Mahakama ya Shirikisho hakukubali. Januari 23, 2024 aliamua kwamba tangazo lile halikuwa na msingi wa kutosha, na kwamba hatua zilizofuata zilivunja Mkataba wa Haki ulio kwenye katiba yetu, katika uhuru wa kujieleza na katika kinga dhidi ya upekuzi usio halali. Serikali ikakata rufaa.

Nakuandikia wewe na si aliyekutangulia kwa sababu siku ileile mahakama ilipozima honi, gazeti la Globe and Mail lilichapa makala yako. Wakati huo hukuwa na cheo serikalini. Ulikuwa mtu aliyewahi kuongoza Benki Kuu ya Kanada na ile ya Uingereza. Ulikiita kinachoendelea Ottawa uasi, ukataka sheria isimamiwe na fedha zifuatwe zinakotoka. Kuhusu kero ya wakazi nilikuunga mkono. Lakini mtu anayeujua mfumo wa benki kuliko Wakanada karibu wote alipaswa kuwa wa kwanza kuuliza: akaunti ikifungwa bila hakimu, huyu mtu atakula nini kesho? Ningependa kusikia jibu lako leo, ukiwa umekalia kiti chenye uwezo wa kutoa amri kama ile.

Jambo la pili ni habari. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Habari za Mtandaoni, C-18, ili kampuni kubwa za intaneti zivilipe vyombo vya habari. Nia ilikuwa nzuri; magazeti yanakufa na kila mtu anaona. Google ilikubali kulipa dola milioni 100 kwa mwaka. Kampuni ya Meta ikaona bora ifunge, na kuanzia Agosti 1, 2023 ikazizima habari zote kwenye Facebook na Instagram kwa mtu yeyote aliye Kanada. Lawama ya kufunga ni ya Meta. Lakini serikali ilionywa mapema kwamba jambo hilo litatokea, ikasukuma mbele hivyohivyo, na sheria bado ni ileile.

Wiki chache tu baadaye moto wa msituni ulilisogelea eneo la Kaskazini-Magharibi. Fort Smith, mji uliozaliwa wewe, uliamriwa kuhama Agosti 12. Siku nne baadaye ikafuata Yellowknife, mji wa watu kama 20,000. Familia ziko barabarani, moshi mbele na nyuma, mtu anafungua Facebook kutafuta njia ipi iko wazi, na habari iliyoandikwa na mwandishi wa mji wake haifunguki. Watu wakawa wanapiga picha za kurasa na kutumiana, kama sisi kambini tulivyokuwa tunapitisha gazeti moja mpaka linachanika kwenye mikunjo.

Na sisi tunaosoma Kiswahili tumo humohumo, jambo ambalo sidhani kama kuna mtu Ottawa aliwahi kuliwaza. Kufungwa kule hakukuchagua habari za Kanada peke yake. Mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia Goma, mashariki mwa Kongo, mama yangu mdogo alikuwa huko, mtaa wa Ndosho. Nilikuwa kwenye chumba cha mapumziko kazini, saa nane usiku, simu mkononi. Kila ukurasa wa habari za Kiswahili nilioufungua Facebook ulinijibu kwamba walioko Kanada hawawezi kuona maudhui haya. Lakini WhatsApp ilikuwa wazi, na kwenye WhatsApp zilikuwa zinamiminika picha za maiti, nyingine za vita vya miaka mingi iliyopita, nyingine za nchi nyingine kabisa. Habari yenye mwenyewe ilikuwa imefungwa, uvumi usio na mwenyewe unapita. Nililia kwa ajili ya picha moja ambayo baadaye niligundua haikuwa ya Goma kamwe. Mama mdogo alipatikana siku ya tatu, mzima, amejificha kwa jirani.

Machi 3, 2025 Kanada ilisitisha vibali vya kuiuzia Rwanda, inayotuhumiwa kuwasaidia M23, bidhaa zenye matumizi ya kijeshi, na kumwita balozi wa Rwanda kujieleza. Nilishukuru, na bado nashukuru. Lakini tazama kilichofuata. Juni 3 mwaka huohuo serikali yako ilileta muswada C-2 wa mipaka imara. Ndani yake mlikuwa na vifungu vya kulipatia shirika la posta uwezo mpana zaidi wa kufungua barua, na vya kuwaruhusu polisi, bila hati ya hakimu, kumuuliza daktari, hoteli au benki kama mtu fulani ni mteja wao, tangu lini na wapi.

Barua zilizofunguliwa nazijua. Baba mdogo aliyebaki ng'ambo ya ziwa alikuwa akituandikia kupitia wavuvi na wafanyabiashara. Mara nyingi bahasha ilifika imechanwa na kubandikwa upya kwa uji mkavu wa muhogo. Hatukujua ni nani aliyefungua. Ilitosha kujua kwamba imefunguliwa. Baba mdogo akaanza kuandika kuhusu mvua na mavuno tu, na mambo yaliyokuwa yanamuumiza hakuyaandika tena mpaka alipofariki.

Wakanada walipiga kelele kuhusu vifungu hivyo, na Oktoba 2025 serikali yako ilichomoa baadhi ya sehemu za C-2 na kuzisogeza mbele kwenye muswada mwingine, C-12. Za barua na polisi zikaachwa nyuma. Iliyosogezwa mbele ni ile ya wakimbizi: aliyeingia Kanada baada ya Juni 24, 2020 na akaomba hifadhi ukiwa umepita zaidi ya mwaka mmoja, shauri lake halipelekwi kwenye Bodi ya Wakimbizi inayosikiliza maombi hayo. Yaani kilichomgusa mwenye kura kilisubirishwa, kilichomgusa asiye na kura kikapewa njia.

Fikiria kijana aliyetoka Goma mwaka 2022 kuja kusoma. Alikuja kwa viza, hakuwa mkimbizi, kwao kulikuwa na nyumba na wazazi. Mwaka 2025 mji umetekwa. Mwaka wake mmoja uliisha wakati hana sababu ya kuomba chochote. Najua Kanada kwa miaka mingi imesimamisha kuwarudisha watu Kongo, na najua zipo tathmini za hatari zinazofanywa na ofisa mezani. Lakini kutorudishwa si sawa na kupokewa. Atabaki ananing'inia, asiweze kumleta mke wala kupanga maisha, kwa sababu vita vilichelewa kuliko kalenda ya muswada.

Sasa nifike kwenye jambo linalonikosesha usingizi zaidi.

Oktoba 2004, Kilwa, mji wa wavuvi kando ya Ziwa Mweru huko Katanga. Watu wanaongea Kiswahili, kile chao cha Katanga. Waasi wachache waliingia, jeshi la Kongo likaja kuurudisha mji, na kwa mujibu wa Umoja wa Mataifa watu zaidi ya 70 waliuawa, wengine kwa kupigwa risasi baada ya kukamatwa. Wanajeshi walitumia magari na ndege ya Anvil Mining, kampuni iliyoandikishwa Kanada na kuchimba shaba na fedha Dikulushi, si mbali na hapo. Kampuni ilisema ililazimishwa na jeshi kuvitoa, na mwaka 2007 mahakama ya kijeshi ya Kongo iliwaachia wafanyakazi wake. Familia za Kilwa zikaja kubisha hodi Quebec. Mwaka 2011 jaji akakubali kuwasikiliza. Januari 2012 Mahakama ya Rufaa ikasema hapa si mahali pake. Novemba mwaka huo Mahakama ya Juu ya Kanada ikakataa kulichukua shauri. Kanada haikuwahi kusikiliza ushahidi wao.

Bunge nalo lilipata nafasi. Muswada C-300, wa kuyabana makampuni ya madini yanayochimba nje, ulianguka Oktoba 2010 kwa kura 140 dhidi ya 134. Mwaka 2018 serikali iliahidi ofisi ya kuchunguza malalamiko dhidi ya makampuni hayo, yenye meno. Ilipopata mkuu wake mwaka 2019, meno hayakuwemo: haikupewa uwezo wa kumlazimisha shahidi kuja wala kampuni kutoa hati.

Kwa dereva wa lori, akaunti ilifungwa ndani ya siku chache bila hakimu. Kwa mwenye mgodi, tangu Kilwa mpaka leo, serikali haijaipa ofisi yake uwezo wa kudai karatasi.

Ninachokuomba kinawezekana. Ukiri hadharani kwamba akaunti zile hazikupaswa kuguswa bila hakimu, na uifunge njia hiyo kwa sheria, ili atakayekuja baada yako, awe wa chama chochote, asiikute wazi. Vifungu vya barua na vya polisi kuuliza bila hati vifutwe kabisa, visihifadhiwe kwa siku ambayo watu watakuwa wamechoka kupiga kelele. Kikomo cha mwaka mmoja kwa wakimbizi kiondolewe. C-18 irekebishwe mpaka habari zirudi, kabla ya moto mwingine. Na ile ofisi ya malalamiko ipewe uwezo wa kuita hati na mashahidi. Ukiwa na haraka ya kuanza na moja, anza na hilo la mwisho, maana wazee wa Kilwa wanaendelea kufa.

Nakala ya barua hii nimeitia posta kwenda ofisini kwako bungeni. Mwaka wangu wa kwanza hapa mwalimu wa Kiingereza alituambia kwamba barua kwa mbunge haihitaji stempu, nami sikuamini mpaka nilipojaribu. Hii ni ya pili. Bahasha ni ya kahawia, nimeifunga mwenyewe.

Wako mpigakura,
Mzaliwa wa Fizi, mkazi wa Nepean