Mwanangu, upasuaji usiuahirishe

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema uvimbe umenywea na jicho linaona, upasuaji wa mfupa uliovunjika chini ya jicho ni wa nini tena? Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hutaniacha nimalize.

Linaona, alhamdulillahi. Lakini mwenyewe umeniambia ukitazama juu vitu vinakuwa viwili viwili, na shavu lina ganzi mpaka kwenye ufizi. Hayo si ya michubuko.

Tundu la jicho limeundwa na mifupa 7. Sakafu yake ni nyembamba mno, mahali pengine haifiki milimita 1, na chini yake ni sainasi, uwazi wenye hewa unaoungana na pua. Mwaka 1957 madaktari wa New York, Smith na Regan, waliweka mpira juu ya jicho la maiti, wakaupiga kwa nyundo. Sakafu ilivunjika, jicho likabaki zima. Nawe ulipoanguka na ile bodaboda, mfupa ndio uliolipia. Sasa mafuta yanayolishikilia jicho yameshukia kwenye ufa huo. Uvimbe ulikuwa unalibeba. Kadiri unavyoisha, jicho litazidi kudidimia.

Unaogopa kuwekewa chuma usoni. Ni wavu mwembamba wa titani, haushiki kutu, unakunjwa ufuate umbo la sakafu. Mara nyingi hupitishwa kwa ndani ya kope la chini, kovu halionekani. Njia nyingine ni kuziba ufa kwa mfupa unaochongwa kwenye tabaka la nje la fuvu lako, chini ya nywele. Mfupa huo ni wako, ila ni mgumu kuukunja, na mwili huweza kuula kidogo kidogo. Miaka yangu yote ya uuguzi katika chumba cha upasuaji inaniambia uchague wavu, lakini muulize daktari wako, yeye ndiye aliyeiona picha ya CT scan.

Usingoje mwezi ujao. Wiki mbili zikipita nyama zinaanza kugandana na kovu, kazi inakuwa ngumu na jicho haliwi kama lilivyokuwa.

Na tafadhali, usipenge kamasi, kabla wala baada. Hewa ya sainasi itapenya nyuma ya jicho. Usiku wa kwanza baada ya upasuaji, maumivu yakizidi ghafla au mwanga ukififia, mwite muuguzi papo hapo, usimwonee haya kumwamsha.

Tiketi ya basi nimekata. Nitafika kabla hawajakuingiza.

Mama yako