Vifaa vya usalama ziwani vipewe mtu wa kukaa navyo

Ndugu Mhariri, salaam kutoka Igombe. Mie ni mvuvi wa dagaa ila habari za meli nazipenda tangu utotoni, na kuna mtu mmoja natamani wanaosimamia usalama wa ziwa letu wamsome, Admirali Wayne Meyer wa jeshi la majini la Marekani, mtoto wa mkulima huko Missouri.

Mwaka 1967 boti ndogo za Misri ziliizamisha manowari ya Israel, Eilat, kwa makombora, na majeshi ya majini yakashtuka kwelikweli maana rada za kipindi hicho zilikuwa za kuzunguka, yakija makombora mengi kwa mpigo mabaharia wanazidiwa. Meyer akakabidhiwa mradi wa Aegis, mtambo wa kuikinga meli na makombora, 1970. Rada yake haizunguki, ni bapa nne zimekazwa melini kila moja na upande wake, kompyuta ndo inapanga kombora lipi linalokuja lipigwe kwanza.

Sasa angalia walivyokwenda. Mtambo walianza kuufunga kwenye meli kuukuu, Norton Sound, 1974 wakaupeleka baharini kuujaribu, wakarekebisha, wakajaribu tena, mpaka Januari 1983 Ticonderoga ndo ikaingia kazini nao, na miaka yote hiyo 13 msimamizi ni yuleyule! Alikuwa na kauli yake, jenga kidogo, jaribu kidogo, jifunze mengi.

Kwetu mwaloni tuliletewa vifaa vya kuita msaada, vikagawiwa boti zote siku moja, picha zikapigwa. Giza la kwanza tu tulivyoingia ziwani maji yakapenya ndani ya vifaa, vingine chaji haikufika hata saa nane za usiku, na yule afisa aliyekuwa anatusikiliza tukamkuta kashahamishwa, aliyekuja hajui hata vilitoka wapi. Vingi sasa hivi vinachezewa na watoto. Na haya ni maji yaliyochukua MV Bukoba 1996 na MV Nyerere 2018, Mhariri, sisi tumezika ndugu.

Ninachoomba ni kidogo sana. Vikiletwa vingine wafunge kwanza kwenye boti tatu, mtaalamu anayevisimamia alale ziwani na sisi giza zima, aone mawimbi ya alfajiri yanavyoingia botini, halafu aachwe kwenye kazi hiyo hata miaka kumi. Boti yangu naitoa, na chakula chake usiku huo ni juu yangu.

Mvuvi, Igombe, Mwanza