Barua ya wazi kwa kaka yangu aliyezima tivi

Kaka,

Jumapili uliandika kwenye kundi la familia kwamba filamu za Kenya zimezidi matanga, kwamba mtu hawezi kutoa pesa yake ili aende kulia. Wakakuunga mkono. Mmoja akasifu za Kikorea anazozitazama hadi alfajiri, mwingine akasema bila bunduki yeye analala. Mimi nikaandika jibu, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Ukaniona, maana uliuliza, "Wewe wa Kisumu, mbona unaandika na husemi?" Basi nasema. Nasema hapa kwa sababu kule kundini Mjomba husoma kila ujumbe kwa sauti watu wakiwa mezani. Hapa najua utasoma peke yako, usiku, kama kawaida yako, na hutaacha hata alama.

Mtu wa mwisho ningemtarajia kusema hivyo ni wewe. Ilipotoka Nairobi Half Life mwaka 2012, nani alituita sote sebuleni tukakaa hadi chini? Yule Mwas alikuwa anauza filamu kijijini na kuziigiza mbele ya wateja ili wanunue, na wewe ukaruka kitini ukasema, "Huyu ni mimi!" Na kweli alikuwa wewe. Joseph Wairimu alipopewa tuzo ya mwigizaji bora kule Durban ulifurahi kama aliyetoka tumbo moja naye. Hukusema ni matanga, na kwenye ile filamu wanakufa vijana wengi tu.

Kwa hiyo najua hukuwa unazungumzia filamu za Kenya. Ulikuwa unazungumzia moja.

Ngoja nianzie Kondele. Lile banda la mabati nyuma ya kinyozi, shilingi tano, benchi za mbao zilizotoboa sketi yangu ya shule mara mbili nikachapwa mara mbili. Tukichelewa kuingia, swali lilikuwa moja: "Staringi ni nani?" Ukishaonyeshwa staringi unatulia, maana staringi hafi. Apigwe risasi, atupwe mtoni, aangukiwe na nyumba, staringi hafi. Ulikuwa unanishika kichwa unaniambia hivyo ninapofunika macho. Nilikuamini kuliko nilivyomwamini mwalimu wa dini. Na Senge, shangazi yangu na mama yako, alipokuja kututafuta na mwiko mkononi, ukamwambia, "Mama, dakika mbili tu, staringi anaamka," akasimama mlangoni akangoja aamke. Ndiyo alianza kupenda sinema siku ile. Watu hawalijui hili. Wanadhani ni sisi tulimfundisha uzeeni.

Na alikuwa na maoni kuliko sisi wote. Februari 2018, Black Panther ilipozinduliwa hapa hapa Kisumu kwa heshima ya Lupita, mji wote ulikuwa unajadili Wakanda hadi kwenye boda. Mimi na wewe tulivutana wiki nzima juu ya Killmonger, wewe ukisema ana haki, mimi nikisema ni muuaji. Senge alikuwa anachambua sukuma. Akasema mfalme alimuua ndugu yake kule Oakland, akamwacha mtoto pale na kurudi nyumbani bila kusema neno, basi kosa si la huyo mtoto aliyekuja kuwa Killmonger. "Kosa ni la wale waliojua wakanyamaza." Ukapiga makofi, Kaka. Ukamwambia, "Mama, umemaliza." Nakumbuka hata kisu alichoshika.

Miaka mitatu baadaye tukajua mimi na wewe, na tukanyamaza.

Sikulaumu kwa kuogopa. Daktari alikuita wewe pembeni kwa sababu wewe ndiye kifungua mimba, na ulivyotoka pale nje ulikuwa na uso nisioutambua. Ukasema tumwambie ni vidonda vya tumbo. Nikakubali. Nilikubali, siwezi kulikana hilo. Lakini wewe ulipanda gari ukarudi Nakuru, na mimi ndiye niliyebaki nikimpikia uji na kumwambia kila asubuhi kwamba vidonda vya tumbo huchukua muda. Ananitazama. Unajua Senge alivyokuwa akitazama mtu. Miezi minne nilimdanganya mama aliyenilea, uso kwa uso, kwa maneno yako.

Ndiyo nikaleta ile filamu, Supa Modo.

Wewe ulisema siku ile kwamba niliileta kwa ujinga, kwamba sikujua inahusu nini. Nilijua. Nilikuwa nimeshaitazama mara mbili. Nilijua kwamba Jo ni mtoto wa miaka tisa aliyetolewa hospitali arudishwe kijijini kwao Maweni kwa sababu hakuna dawa tena. Nilijua kwamba mama yake anataka alale, afunikwe, asichoke, na dada yake Mwix anataka aishi siku alizobakiza. Nilijua kwamba mtoto anapenda sinema na anaota kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu, na kwamba kijiji kizima kinaamua kumtengenezea filamu yake, yeye akiwa staringi. Likarion Wainaina aliiongoza vizuri mno, na yule mtoto Stycie Waweru haigizi, anaishi. Mwaka huo huo wa 2018 Kenya iliichagua kuwa ndiyo filamu yetu ya kupelekwa Oscar. Sikuokota takataka barabarani nikamletea mgonjwa. Nilishindwa kusema kwa mdomo wangu, nikatafuta mdomo mwingine wa kusemea.

Wewe ulikuwa umekuja Ijumaa. Jumamosi jioni stima ilirudi, nikachomeka flashi. Senge alikuwa kwenye kiti kirefu, ile leso ya kijani magotini, bakuli la uji limewekwa juu ya stuli na juu yake limeanza kufanya ngozi. Wewe ulikuwa na rimoti, ile iliyofungwa raba kwa sababu kifuniko cha betri kilipotea. Mama na Mwix walipoanza kuvutana juu ya Jo nilikuona ukinyooka. Hukusema kitu. Nikajua umeelewa, na Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba umeelewa.

Halafu kijiji kikaanza. Watu wazima wakivaa mavazi ya ajabu, wakijifanya majambazi, wakianguka kabla hawajapigwa ili mtoto aonekane ana nguvu. Na Senge akacheka. Si kutabasamu kwa ajili yetu, kama alivyokuwa akifanya. Alicheka hadi akashika ubavu, akasema, "Hawa watu wanampenda huyu mtoto, jameni." Uji ukamwagika kidogo kwenye leso, hakujali. Wiki tatu nilikuwa sijasikia sauti hiyo ndani ya nyumba.

Ukazima.

Hukusimamisha. Ulizima, kisha ukainuka ukachomoa waya ukutani, kana kwamba rimoti haitoshi. Ukasema, "Mama apumzike." Senge alikuwa bado mdomo wazi na kicheko. Alikugeukia, akanigeukia, kisha akaiangalia ile tivi nyeusi muda mrefu, hadi nikaona tunavyoonekana sote watatu kwenye kioo chake. Wewe ukatoka nje ukajifanya unaongea na simu. Kaka, simu yako ilikuwa inachajiwa jikoni.

Hilo ndilo sijasamehe. Nimesamehe kwamba ulichelewa kuja mara ya mwisho, barabara ya Kericho ni ndefu na mvua ilinyesha. Nimesamehe uliyoniambia kwenye matanga mbele ya wazee, maana wewe ulikuwa unazika mama. Hata hili la Jumapili nitalisamehe. Ila kile kicheko ulichokikata katikati, sijui nianzie wapi.

Na sijawahi kukwambia kilichofuata. Jumanne, wewe umesharudi Nakuru, nilikuwa namgeuza kitandani. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Yule mtoto. Walimaliza filamu yake?"

Nikasema, "Walimaliza, Senge."

Akasema, "Afadhali."

Nikangoja aulize la pili. Hakuliuliza. Akanipapasa mkono kama mtu anayekubembeleza ulale, wakati mimi ndiye niliyekuwa nimesimama na yeye ndiye mgonjwa. Hapo nikajua kwamba alijua. Huenda alijua tangu vidonda vya tumbo vya kwanza. Tulikuwa tunamlinda na kitu alichokuwa amekikalia, na yeye akitulinda sisi tusijue kwamba anajua, na nyumba nzima ikawa watu watatu wanaoigiziana bila mwongozaji.

Nakushauri uitazame hadi mwisho. Ni dakika 74 tu, pungufu ya mechi. Usiitazame na watoto mara ya kwanza, na usiitazame kwa simu kwenye gari. Utaona kwamba staringi anakufa, ndiyo. Lakini utaona wanavyokaa naye kabla. Mimi nilitaka tukae naye hivyo. Sikutaka kumtisha wala kukuaibisha kwa mama yako, kama ulivyomwambia Mjomba. Ningekuwa nataka kukuaibisha ningemwambia tu kwa maneno, siku yoyote kati ya siku mia na ishirini, wewe ukiwa mbali. Sikumwambia. Nililishika neno lako hadi mwisho, hata pale aliponiuliza, na wewe ukaniita msaliti. Huenda nilikosea kuchagua siku ile. Ungekuwa umeniachia siku nyingine, ningechagua nyingine.

Saruji ya kaburi imebaki mifuko miwili, iko kwa jirani, ukichelewa itaganda. Na yule fundi wa Luanda anataka nusu yake kabla ya Krismasi.

Flashi iko palepale nyuma ya tivi. Mwezi uliopita nilipanguza vumbi, nikawasha kujaribu kama stima imerudi, na tivi ikaniuliza kama ninataka kuendelea pale tulipoachia au kuanza upya. Nikasimama na kitambaa mkononi hadi maandishi yakajifuta yenyewe. Sikubonyeza lolote.

Desemba ukija, nitapika uji. Rimoti utashika wewe.